Ukishambuliwa kwa chuki Marekani: jinsi ya kupeleka kesi polisi na kuitumia sheria ya jimbo lako

Kesi nyingi za chuki hufia kwenye karatasi ya kwanza. Askari anafika, anaandika "ugomvi wa majirani" au "uharibifu wa mali", anatoa namba ya taarifa na kuondoka. Kuanzia hapo kila atakayelishika faili, awe mpelelezi, mwendesha mashtaka au jaji, atasoma ugomvi wa majirani. Sababu iliyomfanya mtu apigwe au avunjiwe kioo haimo ndani, na sheria za majimbo kuhusu jinai za chuki zinasimama juu ya sababu hiyo tu.

Mwongozo huu ni wa msemaji wa Kiswahili anayeishi Marekani: Mkongomani wa Louisville, Mrundi wa Des Moines, Mkenya wa Minneapolis, Mtanzania wa Houston. Hauchukui nafasi ya wakili. Unaeleza polisi wanawajibika kufanya nini, wewe useme nini, na mambo yakiharibika huharibikia wapi.

Je, ni jinai ya chuki?

Lazima mambo mawili yakutane. La kwanza ni kosa ambalo lingekuwa jinai hata bila chuki: kupiga, kutishia, kuvunja, kuchoma, kuchafua ukuta kwa rangi, kuingia kwenye eneo la mtu bila ruhusa. La pili ni sababu: mkosaji alikuchagua kwa ajili ya rangi yako, dini, nchi ya asili, ulemavu, jinsia au sifa nyingine iliyotajwa katika sheria ya jimbo. Likikosekana la kwanza, polisi hawana kosa la kushtaki. Likikosekana la pili, kesi inaendelea kama kesi nyingine yoyote.

Wengi wetu tunajikwaa hapa kwa sababu tumekulia chini ya sheria za aina nyingine. Kenya, kwa sheria yake ya uwiano na utangamano ya 2008, matamshi ya chuki ya kikabila peke yake ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 3. Congo ina sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila tangu 1966. Marekani si hivyo. Rekebisho la Kwanza la Katiba linalinda hata maneno machafu, na mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilibatilisha amri ya mji wa St. Paul, Minnesota, iliyoadhibu ujumbe wa chuki, ingawa aliyeshtakiwa alidaiwa kuchoma msalaba kwenye uwanja wa familia ya watu weusi. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo, katika kesi iliyotoka Wisconsin, ilikubali kwamba jimbo linaweza kumwongezea adhabu aliyefanya kosa kwa kumchagua mtu kwa rangi yake. Mwaka 2003, katika kesi ya Virginia, ikasema kuchoma msalaba kwa nia ya kumtia mtu hofu kunaweza kupigwa marufuku. Sheria zote za majimbo zinapita katikati ya hukumu hizi tatu.

Kwa hiyo mtu anayepita na gari akakupigia kelele "rudi kwenu" amefanya tukio la chuki, si jinai. Mtu aliyesimama mlangoni kwako na kusema "msipohama nitaichoma hii nyumba" ametishia, na vitisho ni jinai. Andika maneno yenyewe na hali ilivyokuwa: alisimama umbali gani, alishika nini, alikuzuia kuondoka au la. Tukio lisilo jinai nalo litolee taarifa, kwa sababu mtu huyohuyo akija kuvunja dirisha wiki 3 baadaye, taarifa ya kwanza itakuwa ushahidi wa sababu.

Kuna maswali mawili ambayo watu hujifungia nayo mlango wenyewe. Moja: "Alinidhani Mwislamu, na mimi ni Mpentekoste, si amekosea mtu?" Katika majimbo mengi sheria inalinda sifa uliyo nayo au ile ambayo mkosaji alidhani unayo. Balbir Singh Sodhi, aliyeuawa Mesa, Arizona, tarehe 15 Septemba 2001, alikuwa wa dini ya Sikh, si Mwislamu. Muuaji wake alikuwa akiwawinda Waarabu na Waislamu. Mama wa Kiadventista aliyefunga mtandio akashambuliwa kama Mwislamu ana kesi ileile ambayo Mwislamu angekuwa nayo. La pili: "Lakini tuligombana kwanza kuhusu maegesho." Sababu mbili zinaweza kukaa pamoja. New York inataka chuki iwe sababu nzima au sehemu kubwa ya sababu. California inasema nzima au sehemu. Kentucky ni kali zaidi, inataka iwe sababu kuu. Usilifiche suala la maegesho, maana likijitokeza baadaye litakuvunjia uaminifu. Lieleze, kisha eleza kwamba majirani wengine waliegesha palepale na hakuna aliyemtukana.

Jimbo lako lina sheria ya aina gani

Hakuna sheria moja ya Marekani nzima inayomwongoza askari wa mtaani kwako. Kila jimbo limetunga yake, na tofauti si ndogo.

Baadhi ya majimbo yameifanya chuki kuwa kosa linalojitegemea. Washington ni mfano: kumjeruhi mtu, kuharibu mali yake au kumtia hofu kwa vitisho kwa sababu ya sifa yake ni kosa kubwa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 10,000. Illinois nayo hulichukulia kosa la kwanza la aina hii kuwa kosa kubwa, na inampa aliyetendewa haki ya kumdai mkosaji fidia katika mahakama ya madai.

Mengine yanaongeza adhabu juu ya kosa la kawaida. Texas, kwa sheria ya 2001 iliyopewa jina la James Byrd Jr., mtu mweusi aliyeuawa Jasper mwaka 1998 kwa kuburutwa nyuma ya gari, hulipandisha kosa daraja moja. Sheria hiyo inahusu makosa dhidi ya mwili wa mtu, uchomaji, uharibifu wa mali na michoro ya ukutani. New York nayo huyapandisha makosa mengi daraja moja. Georgia ilikaa miaka mingi bila kitu, kwa kuwa Mahakama Kuu ya jimbo ilibatilisha sheria ya 2000 mwaka 2004 ikisema haieleweki. Ahmaud Arbery, kijana mweusi, alipouawa Februari 2020 karibu na Brunswick, jimbo halikuwa na sheria ya chuki ya kuwashtakia wauaji. Walihukumiwa na jimbo kwa mauaji, na mashtaka ya chuki yakaletwa na serikali kuu, ambayo ilishinda Februari 2022. Sheria mpya ya Georgia ilianza tarehe 1 Julai 2020: kosa dogo lililotajwa humo huleta kifungo cha miezi 6 hadi 12, kosa kubwa kifungo kisichopungua miaka 2, na faini ya hadi dola 5,000.

Halafu kuna majimbo yenye sheria nyembamba, na huko lazima uwe mwangalifu zaidi na unachosimulia. Sheria ya Ohio inahusu vitisho, uharibifu wa mali na usumbufu wa simu uliofanywa kwa sababu ya rangi, dini au nchi ya asili. Kupiga hakumo kwenye orodha. Mtu aliyepigwa ngumi Columbus akisimulia ngumi tu, sheria hiyo haimgusi mkosaji. Kama kulikuwa na vitisho kabla ya ngumi, au simu iliharibiwa, aviseme kimoja kimoja. Kentucky haiongezi kifungo. Jaji ndiye anayeamua wakati wa kutoa adhabu kama chuki ilikuwa sababu kuu, na uamuzi huo unaweza kumnyima mkosaji nafasi ya kutumikia adhabu nje ya jela. South Carolina na Wyoming, kufikia mwaka 2024, zilikuwa bado hazina sheria ya jimbo ya namna hii, ingawa miji kama Charleston na Columbia imetunga amri zake.

Ukiwa kwenye jimbo lisilo na sheria, au lenye sheria isiyotaja sifa yako, nenda FBI. Sheria ya serikali kuu ya 2009 inayobeba majina ya Matthew Shepard na James Byrd Jr. inashika pale ambapo mwili umejeruhiwa, au pamefanyika jaribio la kujeruhi kwa moto, bunduki, bomu au silaha nyingine ya hatari. Kifungo ni hadi miaka 10, na cha maisha mtu akifa. Haishiki kioo cha gari kilichovunjwa. Kanisa au msikiti ukiharibiwa, ipo sheria nyingine ya 1996. Namba ya FBI ni 1-800-225-5324.

Saa ya kwanza

Kama hatari bado ipo, piga 911. Kama imepita, piga namba ya kawaida ya polisi wa mji au sherifu wa kaunti. Kwenye simu tamka "Swahili", usiseme "Kiswahili". Opereta anatafuta neno hilo kwenye orodha yake ili akuunganishe na mkalimani. Kutakuwa na kimya cha dakika moja au mbili. Usikate simu.

Kabla ya kufagia, piga picha. Vioo vilivyovunjika, rangi ukutani, karatasi iliyobandikwa mlangoni: picha moja kutoka mbali ionyeshe mahali, nyingine ya karibu ionyeshe maandishi. Karatasi usiishike kwa mkono. Iache ilipo, au itie kwenye mfuko wa karatasi ukiwa na glavu. Jeraha lipigwe picha siku hiyohiyo na tena baada ya siku 2 au 3, kwa sababu juu ya ngozi nyeusi uvimbe huonekana mapema lakini alama ya damu kuvilia huchelewa, na picha ya siku ya kwanza peke yake inaweza kuonyesha karibu hakuna kitu. Nenda hospitali hata kama unajiona mzima, na mwambie daktari nani alikupiga na alisema nini; daktari ataandika.

Kamera ndizo zinazopotea haraka. Duka, kituo cha mafuta na kengele ya mlango ya jirani hurekodi juu ya picha za zamani, pengine baada ya siku chache tu. Zunguka siku hiyohiyo, andika kila kamera inayotazama eneo na jina la mwenye nayo, kisha mwombe asifute. Wenye maduka wengi hawakupi wewe video, ila huwapa polisi. Basi orodha yako ya kamera mpe askari mkononi.

Ujumbe wa simu na wa mitandaoni usifutwe, hata ukiwa unakera kuuona. Piga picha ya skrini ikiwa na jina la akaunti, tarehe na saa, na uhifadhi anwani ya ukurasa. Kurekodi mazungumzo ya faragha kwa siri ni kosa katika baadhi ya majimbo, yakiwemo California, Florida na Pennsylvania, ambako kila anayeongea lazima akubali. Ujumbe wa sauti alioacha yeye mwenyewe kwenye simu yako ni halali kuutunza popote.

Kisha kaa chini uandike. Kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa lugha yoyote inayokutoka vizuri. Andika maneno yake kwa mpangilio yalivyotoka: kipi kilitangulia, tusi au pigo? Tusi lililotoka kabla ya pigo lina uzito kuliko lililotoka baada ya watu kuachanishwa, kwa sababu linaonyesha kilichomsukuma.

Mbele ya askari

Mkalimani ndiye nusu ya kazi. Idara ya polisi inayopokea fedha za serikali kuu inafungwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi wa nchi ya asili, na huo ndio msingi wako wa kuomba mkalimani bila malipo. Omba hata kama Kiingereza chako kinatosha sokoni. Kama Kiswahili chako ni cha pili na ndotoni unaongea Kirundi au Kinyamulenge, omba lugha hiyo. Mkalimani wa simu anaweza kuwa wa Kenya au Tanzania, na Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi kina maneno atakayoyakisia. Mwombe akurudishie kwa Kiswahili alichokielewa kabla hajakipeleka kwa askari.

Mtoto asitafsiri. Watoto wengi wanaongea Kiingereza kuliko wazazi, na ni rahisi kumsukuma kijana wa miaka 12 mbele. Ataona haya kutamka neno chafu mbele ya mama yake, atasema "alikuwa mkorofi", na hilo ndilo litakaloandikwa. Mkalimani mtu mzima naye hufanya hivyo kwa heshima. Mwambie mapema kwamba matusi yapite kama yalivyo. Na kama tusi lilitamkwa kwa Kiingereza, litamke mwenyewe kama ulivyolisikia, hata kama hujui maana yake, askari atalijua.

Askari hana haja ya kuthibitisha chuki siku hiyo, na hili ndilo ambalo watu hawaambiwi. Utaratibu wa FBI wa kukusanya takwimu una hatua mbili: askari wa kwanza anaweka alama kwamba chuki inashukiwa, halafu afisa wa pili mwenye mafunzo anaamua. Unachomwomba askari ni kuweka alama ya shaka na kuandika kwa nini. Mpe viashiria ambavyo wao wenyewe wamefundishwa kuvitafuta:

- Maneno, ishara au michoro iliyotumika, neno kwa neno.
- Siku na mahali: baada ya swala ya Ijumaa, siku ya Idi, nje ya kanisa la Wakongomani, mlangoni pa familia pekee ya Kiafrika katika jengo.
- Yaliyotangulia: taarifa za awali, vitisho, familia nyingine ya asili hiyo iliyofanyiwa vivyo hivyo.
- Kukosekana kwa sababu nyingine: pochi haikuguswa, hamkujuana, hakuna deni.
- Nani mwingine alikuwepo na hakuguswa.

Kiashiria cha nne ndicho husahaulika. "Hakuchukua kitu" ni sentensi fupi inayobadilisha taarifa nzima.

Tumia jina ambalo sheria ya jimbo inatumia. Mahali pengi ni "hate crime", lakini New Jersey ni "bias intimidation", na Ohio ni "ethnic intimidation". Sema tu: "Naamini hii ni" halafu jina hilo, na uombe liandikwe kuwa umesema hivyo. Minnesota sentensi hiyo ina nguvu ya pekee: sheria ya jimbo inamlazimu askari kulitolea taarifa tukio kama la chuki ikiwa yeye ana sababu ya kuamini hivyo au ikiwa aliyetendewa anadai hivyo. Dai lako linatosha kumfungulia wajibu wake, na idara yake hupeleka taarifa hizo kila mwezi kwenye ofisi ya uchunguzi ya jimbo. Georgia, askari anayechunguza tukio lenye dalili ya chuki lazima ajaze fomu iitwayo Bias Crime Report, hata kama hakuna aliyekamatwa. California, polisi lazima wawe na kijitabu cha haki za waliotendewa jinai ya chuki na wakupe. Kiulizie. Kuuliza tu kunamkumbusha askari kwamba hii si kesi ya kawaida.

Usiongeze chumvi. Hata kidogo. Sheria za jinai zinataka sababu ya chuki ithibitishwe pasipo shaka ya msingi, na tangu kesi ya Apprendi ya mwaka 2000, iliyotokana na sheria ya chuki ya New Jersey yenyewe, jambo linaloongeza kifungo kupita kiwango cha juu cha kosa lazima lithibitishwe mbele ya juri, yaani raia wanaoamua kesi. Wakili wa upande wa pili atalinganisha ulichomwambia opereta wa 911, askari na daktari. Kama hukusikia vizuri, sema hukusikia vizuri. Taarifa ya uongo nayo ni kosa, na kwa asiye raia inaweza kugusa makaratasi yake.

Kabla askari hajaondoka, pata jina lake, namba ya beji na namba ya taarifa. Baada ya siku chache omba nakala, mtafute mtu aisome nawe kwa Kiswahili, na uangalie jambo moja kwanza: je, maneno aliyosema mkosaji yamo? Kama hayamo, rudi kituoni na maelezo ya maandishi uombe yaongezwe kama taarifa ya nyongeza. Hawafuti ya kwanza, lakini nyongeza huingia kwenye faili na mwendesha mashtaka ataiona.

Askari akikataa kuandika

Kukataa huja kwa sura kadhaa: "hakuna sheria hiyo hapa", "nyote mlikuwa mnapigana", "hamna ushahidi". Usibishane barabarani. Mwombe sajenti wake. Sajenti akikataa, uliza kama idara ina mpelelezi au kitengo cha jinai za chuki. Miji mikubwa kama New York inacho. Barua pepe fupi kwa mkuu wa polisi, yenye tarehe na namba ya taarifa, inaacha alama ambayo simu haiachi.

Zaidi ya hapo kuna milango isiyopitia polisi. Oregon ina laini ya Idara ya Sheria ya jimbo, 1-844-924-2427, inayopokea hata matukio yasiyo jinai. California ina laini iitwayo CA vs Hate, 833-866-4283, iliyoanzishwa 2023. Maine ina njia iliyo tofauti na zote: Mwanasheria Mkuu wa jimbo anaweza kuiomba mahakama ya madai itoe amri ya kumzuia mtu aliyetumia nguvu, vitisho au uharibifu kwa chuki, na kuivunja amri hiyo ni jinai. Amri ya namna hiyo haingoji kesi ya jinai iishe. Kwa familia ya Lewiston au Portland inayokaa ukuta kwa ukuta na mtesi wake, hiyo ina faida kuliko kifungo kitakachokuja baada ya mwaka.

Na hata pasipokamatwa mtu, taarifa ibaki. FBI ilihesabu matukio 11,862 ya chuki mwaka 2023. Utafiti wa kitaifa wa serikali, unaowauliza watu majumbani badala ya kuwauliza polisi, ulikadiria wastani wa takriban visa 250,000 kwa mwaka kati ya 2005 na 2019. Pengo hilo kubwa linatoka pande mbili: waathirika wanaonyamaza, na idara ambazo zinaandika vibaya au haziandiki, maana kwa sheria ya serikali kuu kupeleka takwimu FBI ni hiari.

Kwa mwendesha mashtaka

Polisi hawashtaki. Anayeamua kuongeza chuki kwenye mashtaka ni mwendesha mashtaka wa kaunti au wilaya, na ofisi yake huwa na mhudumu wa waathirika na mashahidi. Mtafute mapema, mpe namba ya taarifa, nakala ya maelezo yako na orodha ya mashahidi, kisha uliza swali moja la moja kwa moja: "Je, mtaomba ongezeko la adhabu kwa sababu ya chuki?" Kwa kawaida ombi hilo lazima liwemo kwenye mashtaka kabla kesi haijasikilizwa, kwa hiyo kuuliza siku ya hukumu ni kuchelewa.

Kipengele cha chuki huondolewa zaidi kwenye mapatano ya kukiri kosa. Mshtakiwa anakubali kosa la kupiga, nao wanaondoa chuki, na kesi inaisha kwa wiki. Wakati mwingine ni busara, kwa sababu ushahidi wa sababu ni dhaifu na juri ingemwachia kote. Wakati mwingine ni uvivu tu. Georgia, Kentucky na Ohio zimeweka haki za waathirika ndani ya katiba zao za majimbo, ikiwemo haki ya kuarifiwa na kusikilizwa; itumie kuomba uelezwe mapatano kabla hayajasainiwa. Ukipewa nafasi ya kueleza athari mbele ya jaji, eleza mambo yanayohesabika: zamu ulizokosa, watoto walioacha kucheza nje, kodi ya nyumba mpya, ibada iliyohamishwa.

Kama makaratasi yako si kamili

Kwa kawaida mkimbizi aliyepokelewa rasmi hana cha kuogopa kwa kutoa taarifa. Kwa asiye na hadhi, ongea na wakili wa uhamiaji kwanza ikiwa hatari haipo tena. Kama hatari ipo, 911 kwanza. California inakataza polisi kumshikilia kwa suala la uhamiaji peke yake, au kumkabidhi kwa maofisa wa uhamiaji, aliyetendewa au shahidi wa jinai ya chuki ambaye mwenyewe hashtakiwi kwa kosa la jimbo. Texas, ambayo sheria yake ya 2017 inawapa polisi ruhusa pana ya kuuliza hadhi ya wanaowashikilia, inawawekea mpaka kwa waathirika na mashahidi: wanaweza kuuliza pale tu inapohitajika kwa uchunguzi au kwa kueleza viza za waathirika.

Viza hiyo ni ya U, iliyoanzishwa mwaka 2000. "Jinai ya chuki" haimo kwa jina hilo kwenye orodha ya makosa yake. Shambulio kubwa la kimwili limo, na makosa mengine yanayofanana na yaliyotajwa. Unatakiwa uwe umeumia kimwili au kiakili kwa kiwango kikubwa na umesaidia uchunguzi. Polisi au mwendesha mashtaka husaini Nyongeza B ya fomu I-918, nayo lazima ifike uhamiaji ndani ya miezi 6 tangu isainiwe. Watu hukosea kwa kuiomba sahihi mapema mno, kabla ya wakili kuandaa maombi mengine, na miezi inaisha. Viza 10,000 tu hutolewa kwa waombaji wakuu kila mwaka, na foleni ni ya miaka.

Fedha na tarehe za mwisho

Kila jimbo lina mfuko wa fidia kwa waliotendewa jinai. Hulipa matibabu, ushauri wa kisaikolojia, mshahara uliopotea na mazishi. Vioo na magari kwa kawaida hapana. Hauhitaji mkosaji awe amehukumiwa, lakini kwa kawaida unahitaji taarifa ya polisi iliyotolewa mapema, kwa hiyo usikae nayo wiki nzima ukijiuliza. Tunza risiti zote, hata za basi la kwenda kliniki.

Kama mtesi ni jirani au mwenye nyumba, Sheria ya Makazi ya 1968 inakupa mwaka 1 wa kulalamika kwa idara ya makazi ya serikali kuu, HUD. Kama ni kazini, kwenye kiwanda cha nyama au ghala, malalamiko kwa EEOC, tume ya serikali kuu ya usawa kazini, yana siku 180, au 300 pale ambapo jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi huo. Siku hizi zinahesabiwa tangu tukio lenyewe, na kesi ya polisi inayoendelea haizisimamishi. Ziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako la kesi, juu ya namba ya taarifa.